Kusikia Njaa

Olvido alikaa saa nne kwenye kiti cha plastiki,
kituo cha afya cha Vallescuro, mvua ikipiga kioo,
mvua ambayo yeye aliiona tu.
Nesi alifungua mlango, akaita, akafunga.
Akafungua, akaita. Jina likapita juu ya kichwa chake
kama ndege asiyetua.
Saa saba wakazima taa. Mfagiaji ndiye aliyemgusa bega:
Mama, unamngoja nani?

Alitusimulia Alhamisi, chumba cha nyuma cha maktaba,
tunapokutana kumi na mmoja, viti tumevipanga duara
ili kila mdomo uonekane.
Sheria zetu si nyingi: mmoja aseme, wengine watulie;
masharubu yapunguzwe (Argimiro alinuna mwezi mzima);
na mtu asiseme kamwe "basi, si kitu, achana nayo",
maana hiyo "si kitu" ndio mkate mkavu
tunaolishwa mezani kwa wanetu wenyewe.

Mimi nilishika keekee ya mwamba miaka ishirini na sita
chini ya mlima huu. Makaa yalikwisha, mgodi ukafungwa,
lakini mashine hawakuizima:
bado inanguruma hapa, nyuma ya taya, usiku na mchana.
Baridi naisikia. Harufu ya kahawa naisikia.
Uchungu nausikia kabla haujabisha hodi.
Masikio ya Nieves yaliondoka na homa, akiwa na miaka minne.
Yerai ana tisa; kifaa chake amekibandika stika ya mjusi,
na ndiye anayetufundisha kubadili betri,
vitu vidogo kama dengu, vidole vyetu vinene vikitetemeka.

Watu husema: sikio la kufa halisikii dawa.
Sawa. Na sikio lililo hai,
ambalo dawa yake imeitiwa nyuma ya mlango?

Tuliandika barua. Tukaandika ya pili.
Tuliomba skrini moja tu ukutani, majina yapite kwa maandishi.
Baraza la mji likajibu: fungu halipo.
Ndipo Nieves, mpole, mshona mapazia, akasema:
Twendeni tukawasikilize.

Tukaenda, safu ya mbele, makoti yakichuruzika.
Diwani akafungua jalada, akasema neno.
Argimiro akanyoosha mkono: Rudia, tafadhali.
Akarudia. Nikanyoosha mimi: Rudia, tafadhali.
Bajeti ya taa za barabarani, rudia. Mabomba, rudia.
Haukuwa mzaha, kweli hatukusikia.
Kipaza sauti kilikuwa kimekufa tangu Pasaka,
na hata wenye masikio yao mazima, huko nyuma,
wakaanza mmoja mmoja kunyoosha mikono.
Kikao kilichozoea kwisha kabla ya chakula cha jioni
kikafika usiku wa manane,
na diwani, jasho kwenye kola, kwa mara ya kwanza
akatutazama usoni alipokuwa akisema.

Skrini ilifungwa Machi. Ndogo. Imeinama kidogo kushoto.
Siku ya kwanza tulimsindikiza Olvido,
ingawa alikuja kupima presha tu.
Majina yakapita: mwuza samaki, padre, mjukuu wa nani sijui.
Kisha lake, kijani, herufi zote.
Hakuinuka.
Nesi akafungua mlango. Yerai akamvuta mkono.
Alikaa vivyo hivyo, mkoba magotini, midomo ikicheza,
akijisoma.

Nje mvua ilikuwa imeacha, au haijaacha; nilisahau kutazama.
Akatugeukia, akasema kwa ile sauti yake
isiyojua ukubwa wake, mtaa mzima ukageuka:
Nasikia njaa!
Na sote tukasikia.